Mfumuko wa Bei, Bidhaa za Nje na Mnunuzi wa Gisozi: Historia Fupi ya Kipimo na Istilahi Zake nchini Rwanda, 1964–2023

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia kihistoria namna bei za bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zinavyomfikia mnunuzi nchini Rwanda, na namna zinavyodhihirika au kufichika katika fahirisi ya bei za mlaji. Kwa kurejelea Gisozi, jijini Kigali, yanabainisha kwamba sehemu ya kutoaminiana baina ya mnunuzi na takwimu hutokana na istilahi mbili: "bidhaa za ndani" na "kushuka kwa mfumuko". Yanapendekeza namna ya kuzitangaza kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Gisozi, sekta iliyomo katika Wilaya ya Gasabo, hujulikana kwanza kwa Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Hujulikana pia kwa Agakiriro, soko la mafundi seremala na wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Kabati linalouzwa hapo limeundwa hapo hapo, kwa mikono ya mafundi wa Kigali. Hata hivyo, vitasa, bawaba, gundi, vanishi na vioo kwa kiasi kikubwa hutoka ng'ambo.

Rwanda haina bandari. Shehena zake husafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, au kutoka Mombasa kupitia Uganda. Kwa hiyo, bei ya kabati la Gisozi hubeba ndani yake nauli ya masafa hayo, bei ya dizeli na thamani ya faranga mbele ya dola. Swali la makala haya ni je, kipimo rasmi cha mfumuko wa bei humwonesha mnunuzi mzigo huo?

2.0 Faranga na mipaka, 1964–2023

Faranga ya Rwanda na Benki ya Taifa ya Rwanda zilianzishwa mwaka 1964. Tangu hapo, bei za bidhaa za nje zimeyumbishwa zaidi na matukio yaliyo nje ya uwezo wa muuzaji na mnunuzi. Mwezi Julai 1989 Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ya zao lililoiletea nchi fedha za kigeni ikaporomoka. Mwezi Novemba 1990, chini ya mpango wa marekebisho ya uchumi, thamani ya faranga ilishushwa kwa asilimia 40. Mkulima aliyekwisha kupunguziwa bei ya kahawa akakuta bidhaa za dukani zimepanda.

Miaka ya karibuni ilileta mitikisiko mingine. Mwezi Februari 2019 mpaka wa Gatuna, njia kuu ya bidhaa za Uganda, ulifungwa. Ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Kabla ya mwezi kumalizika, vita vya Ukraine vilipandisha bei za mafuta, ngano na mbolea duniani kote. Mwaka 2023 faranga ilipoteza takriban asilimia 18 ya thamani yake mbele ya dola.

3.0 Kapu na mgawanyo wake

Kipimo kinachotumika hutolewa kila mwezi na Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 2005. Msingi wake ni kanuni iliyoasisiwa na Mjerumani Étienne Laspeyres mwaka 1871: kapu la bidhaa huwekwa vilevile, kisha gharama yake hulinganishwa baina ya nyakati. Katika kipindi kinachojadiliwa hapa, Februari 2014 ndiyo iliyohesabiwa kuwa 100, na uzito wa kila kundi ulitokana na utafiti wa hali ya maisha ya kaya wa 2013/14. Hutolewa fahirisi ya mijini, ya vijijini na ya nchi nzima; ya mijini ndiyo inayoongoza sera ya fedha.

Taasisi hiyo pia hutenganisha bidhaa za ndani na zilizoagizwa kutoka nje. Mgawanyo huu una manufaa, lakini huhesabu bidhaa kama inavyomfikia mlaji wala hauchambui malighafi yake. Kwa mantiki hiyo, kabati la Agakiriro ni la ndani. Maharage ni ya ndani pia, ingawa mbolea iliyoyakuza na dizeli iliyoyaleta sokoni vilivuka mpaka. Mshauri wa sera anayesoma kwamba bidhaa za ndani ndizo zilizopanda zaidi anaweza kuhitimisha kwamba chanzo cha tatizo kiko nchini pekee, ilhali sehemu ya gharama hiyo iliingia kupitia Rusumo.

4.0 Kilichoshuka ni nini?

Mwezi Desemba 2022 mfumuko wa bei wa mwaka mijini ulikuwa asilimia 21.6. Desemba 2023 ulikuwa asilimia 6.4. Ni sahihi kusema kwamba mfumuko ulishuka. Lakini kapu lililogharimu faranga 10,000 Desemba 2021 liligharimu 12,160 mwaka mmoja baadaye, kisha takriban 12,940 Desemba 2023. Mnunuzi anayesikia "umeshuka" na kukuta bei ziko juu zaidi hana sababu ya kuamini takwimu, na hali takwimu haikusema uongo.

Hapa lugha ina dhima yake. Kinyarwanda hutumia "umuvuduko w'izamuka ry'ibiciro", yaani kasi ya kupanda kwa bei. Kasi ikipungua, msikilizaji anaelewa kwamba safari ya kupanda bado inaendelea. Neno "mfumuko", kutokana na "fumuka", huleta taswira ya kitu kilichoachia au kuchomoza ghafla, na halina kasi ndani yake. Taarifa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania huziba pengo hilo kwa kufafanua kwamba kilichopungua ni kasi ya mabadiliko ya bei.

5.0 Hitimisho

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na hivyo taarifa za uchumi kwa lugha hii zina wajibu wa kueleweka sokoni. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, itumike "kasi ya kupanda kwa bei" kila mabadiliko ya mfumuko yanapotangazwa. Pili, pamoja na asilimia ya mwaka, itajwe gharama ya kapu lilelile kwa miaka miwili au mitatu mfululizo. Tatu, "bidhaa za ndani" ziambatane na maelezo ya kiasi cha malighafi ya nje kilichomo, angalau kwa vyakula vikuu na vifaa vya ujenzi. Hatua hizi hazitapunguza bei ya kitasa huko Gisozi. Zitamwezesha anayekinunua, na anayemshauri waziri, kujua gharama hiyo ilianzia wapi.