Misuli ya tumbo: Jinsi ya kuikaza kwa mazoezi makali bila kujiumiza

Ukitaja mazoezi ya tumbo, vijana wengi hufikiria tumbo lenye vipande sita, maarufu kama sikspaki. Lakini misuli hiyo ina kazi kubwa kuliko kupendeza ukivua shati. Ndiyo inayoshika kiuno unapoinua gunia, unapochota maji kisimani na unapolima ukiwa umeinama kutwa nzima. Ikiwa dhaifu, mzigo hubebwa na mgongo.

Makala haya yanaeleza namna misuli hiyo inavyofanya kazi, mazoezi unayoweza kufanya nyumbani bila kifaa cha kununua, na mambo yanayoweza kukufikisha hospitali.

Misuli hiyo ni ipi?

Tumbo limefunikwa kwa tabaka za misuli. Mbele kuna msuli mrefu unaoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena. Huo ndio wenye vipande vinavyoonekana kwa watu wembamba. Pembeni, kulia na kushoto, kuna misuli miwili inayopita mshazari, mmoja juu ya mwingine, nayo hutusaidia kugeuka na kuinama upande. Chini ya yote kuna msuli mpana unaozunguka kiuno kama mshipi.

Misuli hii ikikaza kwa pamoja, shinikizo ndani ya tumbo huongezeka na uti wa mgongo hupata mhimili. Fikiria gunia la mahindi: lililojaa husimama wima, lililo nusu hujikunja. Ndivyo kiuno kinavyokuwa unapoinua mzigo ukiwa umekaza tumbo, na unapouinua ukiwa umelilegeza.

Je, mazoezi ya tumbo huondoa kitambi?

Hapana. Msuli unaofanya kazi hauchukui mafuta yaliyo juu yake pekee. Mwili huchota mafuta kutoka sehemu zote, na kila mtu ana mahali pake ambapo mafuta hukawia kuondoka. Kitambi hupungua unapopunguza chakula cha ziada, pombe na vinywaji vya sukari, na unapotembea, kukimbia au kufanya kazi ya kutoa jasho kwa wiki nyingi.

Idadi ya vipande vya tumbo nayo ni ya kuzaliwa. Wengine wana vinne, wengine sita, wengine vinane. Hakuna zoezi linaloweza kuongeza kipande.

Mazoezi gani yanafaa?

Zoezi lililozoeleka ni kulala chali, kukunja magoti na kuinuka hadi kukaa, mara 50 au 100. Huchosha kweli, lakini kila unapoinuka uti wa mgongo hujikunja na kubanwa. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilianza kutumia rasmi mtihani wa viungo usio na zoezi hilo, na badala yake askari wakapimwa kwa zoezi la ubao. Stuart McGill, mtafiti wa uti wa mgongo wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, naye kwa miaka mingi amehimiza mazoezi ya kukaza tumbo huku mgongo ukiwa umetulia.

Haya manne yanatosha:

1. Ubao. Kwenye jimu huitwa planki. Lala kifudifudi, kisha jiinue ukiegemea viwiko na vidole vya miguu. Mwili unyooke kutoka kichwani hadi visiginoni. Kunja ngumi, kaza matako, kaza tumbo kwa nguvu zote huku ukiendelea kupumua. Shikilia sekunde 10, pumzika kidogo, rudia mara 5 au 6. Sekunde 10 za kukaza kweli zina faida kuliko dakika 2 za kuning'iniza kiuno.

2. Ubao wa ubavu. Lala kwa ubavu, egemea kiwiko kimoja, inua nyonga hadi mwili unyooke. Shikilia sekunde 10, mara 4 kila upande. Anayeanza apige magoti badala ya kunyoosha miguu.

3. Kubeba dumu kwa mkono mmoja. Jaza maji lita 10, ambazo ni kilo 10. Tembea hatua 30 bila kuinamia upande wowote, kisha badilisha mkono. Misuli ya ubavu mwingine ndiyo inayofanya kazi kukuzuia usipinde. Ukizoea, ongeza maji kidogo kidogo hadi dumu la lita 20 lijae.

4. Kuning'inia na kuinua magoti. Tafuta tawi au mti imara unaobeba uzito wako. Ning'inia, inua magoti polepole hadi usawa wa kiuno, yashushe polepole. Usibembee. Fanya mara 5 hadi 8, pumzika, rudia mara 2. Hili ndilo kali kuliko yote. Lianze baada ya wiki tatu au nne za yale mengine.

Makali kiasi gani?

Zoezi ni kali vya kutosha pale marudio mawili ya mwisho yanapokuwa magumu lakini mwili bado umekaa sawa. Kiuno kikianza kushuka au ukianza kubana pumzi, simama hapo hapo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku 3 zinatosha kwa tumbo, mkiacha siku moja ya kupumzika katikati. Msimu wa kulima au kuvuna, jembe na magunia tayari ni mazoezi, kwa hiyo punguza. Kila wiki ongeza kitu kimoja tu: ama sekunde, ama uzito, ama idadi.

Maumivu ya misuli siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida kwa anayeanza. Yasiyo ya kawaida yameelezwa mwishoni.

Je, kupigwa ngumi hukaza tumbo?

Kuna vijana wanaopimana ubavu kwa kupigana ngumi za tumbo, wakiamini kwamba tumbo huwa sugu kama ngozi ya kisigino. Si kweli. Bondia huimarisha misuli kwa mazoezi, kisha hujifunza kukaza tumbo na kutoa pumzi wakati ule ule ngumi inapofika. Hata hivyo ini, lililo chini ya mbavu za kulia, halina mazoezi. Septemba 2004 Oscar De La Hoya, bingwa wa Olimpiki wa 1992, aliangushwa na Bernard Hopkins katika raundi ya 9 kwa ngumi moja ya ini, akashindwa kuinuka kabla ya kuhesabiwa.

Kisa kingine ni cha Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani. Oktoba 1926, mjini Montreal, mwanafunzi mmoja alimpiga ngumi kadhaa za tumbo akiwa amejilaza kwenye kochi, kabla hajajiandaa. Houdini aliendelea kufanya maonyesho akiwa na maumivu na homa. Alifariki Oktoba 31 mjini Detroit, kidole tumbo kikiwa kimepasuka. Kama ngumi ndizo zilizosababisha, madaktari wanabishana hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba alichelewa kupata matibabu.

Kwetu kuna hatari zaidi. Malaria huweza kuvimbisha bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa pigo dogo na mtu akavuja damu ndani kwa ndani. Aliyetoka kuugua malaria asishiriki ngumi wala michezo ya kugongana hadi mhudumu wa afya amruhusu.

Nani asubiri kwanza?

Mama aliyejifungua. Ujauzito hutenganisha misuli miwili ya mbele. Kwa wengi mwanya hupungua ndani ya wiki 8 hivi. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo na ugusie juu ya kitovu. Ukiona mwanya wa vidole viwili au zaidi baada ya wiki hizo, mwulize mhudumu kliniki kabla ya mazoezi makali. Aliyejifungua kwa upasuaji naye asianze bila kuruhusiwa.

Mwenye ngiri, yaani uvimbe kinenani au kitovuni unaotokeza akikohoa au akiinua mzigo. Mazoezi hayaondoi ngiri, na kujikaza kunaweza kuikuza. Tiba yake ni upasuaji.

Mwenye shinikizo la juu la damu ambalo halijadhibitiwa, na mjamzito, nao wapate ushauri kwanza.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona:

– Mkojo mweusi au mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea, pamoja na misuli kuuma sana, kuvimba au kuishiwa nguvu, siku 1 hadi 3 baada ya mazoezi makali. Ni dalili kwamba misuli imevunjika na mabaki yake yanaweza kuziba figo. Usijitibu kwa diklofenaki au ibuprofeni za dukani. Zinaweza kuziumiza figo zaidi.

– Uvimbe wa ngiri uliokuwa ukirudi ndani sasa umekuwa mgumu, unauma na haurudi, hasa ukitapika. Utumbo unaweza kuwa umebanwa. Hili ni suala la saa, si la siku.

– Maumivu ya tumbo yasiyoisha baada ya kupigwa au kuanguka, tumbo kuwa gumu, kizunguzungu, au maumivu yanayopanda hadi bega la kushoto.