Nani Aliisikiliza Rufaa ya Mhehe?

Hapa Ilomba, kama kwingineko Mbeya, dai hili halikosi mtetezi: kwamba haki ya kukata rufaa tuliletewa na Waingereza. Enzi za Wajerumani naziruka, maana kwa jambo hili hazina anayezitetea. Waingereza wanao watetezi, na hao ndio wa kujibiwa.

Mwaka 1929, chini ya Gavana Donald Cameron, Sheria ya Mahakama za Wenyeji iliziondoa mahakama za machifu chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu. Kule Uhehe, Iringa, aliyetiwa hatiani na mahakama ya mzagila (chifu mdogo) alipeleka malalamiko kwa mtwa (chifu mkuu), kisha kwa Bwana Shauri (mtawala wa wilaya), kisha kwa Mkuu wa Jimbo, na mwisho kwa Gavana. Wakili hakuruhusiwa kumsemea. Katika ngazi zote hizo hakuwamo jaji hata mmoja. Bwana Shauri aliyesimamia ukusanyaji wa kodi ndiye huyo huyo aliyesikiliza rufaa ya aliyefungwa kwa kutolipa kodi.

Mwaka 1933 Tume ya H. G. Bushe ilichunguza haki ya jinai Kenya, Uganda na Tanganyika, ikapendekeza kesi nzito zisikilizwe na watu waliosomea sheria. Watawala wakapinga: Mwafrika, walisema, anataka hukumu ya haraka kutoka kwa mtu anayemjua. Hoja hiyo siipi nafasi. Aliyeulizwa ni mtawala, si mfungwa.

Nina subira zaidi na Gordon Brown na Bruce Hutt, ambao kitabu chao kuhusu Wilaya ya Iringa kilitoka mwaka 1935 na leo hakisomwi sana. Hutt alikuwa mtawala, Brown mwanaanthropolojia. Wa kwanza aliuliza, wa pili akaenda kutafuta majibu kwa Wahehe wenyewe. Walau waliamini kwamba Mhehe ana sheria yake yenye mantiki. Lakini maswali yalibaki ya mtawala, na swali la nani amdhibiti mtawala anapokosea kuhukumu halikuwa lake kuliuliza.

Sheria ya 1951 ilibadilisha majina ya mahakama hizo na kuweka Mahakama ya Kati ya Rufaa juu kabisa; Bwana Shauri na Mkuu wa Jimbo walibaki njiani. Ndiyo maana mwaka 1957 unanikera. Mwaka huo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la Pandya, ilisisitiza kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza lazima iupime upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Kanuni hiyo ingali ikitajwa katika hukumu zetu. Wakati inatamkwa, mkulima wa Kalenga aliyefungwa na mahakama ya chifu hakuwa na njia ya kuifikia.

Njia hiyo ilifunguliwa na Tanganyika huru. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilijenga ngazi moja kwa watu wote: mwanzo, wilaya, Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ikafuata mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika.

Leo aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha hati yenyewe. Akiwa ndani, tuseme Gereza la Ruanda, anatia dole gumba na kumkabidhi mkuu wa gereza, ambaye sheria inamtaka aifikishe mahakamani. Karatasi ingali inapita mkononi mwa mtumishi wa Serikali, ila huyu hana mamlaka ya kuiamua.