Umilisi wa afya mtandaoni miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu, Nairobi

Umilisi wa afya mtandaoni ni uwezo wa mtu kutafuta habari za afya kwenye intaneti, kuzielewa, kupima ukweli wake na kuzitumia kufanya uamuzi unaofaa. Makala haya yanaeleza hali hiyo miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu katikati ya jiji la Nairobi na vitongoji vyake vya magharibi, kuanzia University Way na Valley Road hadi Chiromo, Westlands, Kangemi, Uthiru na Kabete. Wanafunzi hawa wanaishi karibu na hospitali kubwa za nchi, na wengi wana simu yenye intaneti mkononi. Hata hivyo, kuwa na simu hakumfanyi mtu ajue lipi la kuamini, na hilo ndilo kiini cha umilisi huu.

Maana na vipimo

Istilahi ya umilisi wa afya ilianza kutumiwa na Scott Simonds nchini Marekani mwaka 1974, alipotaka elimu ya afya ifundishwe shuleni kama masomo mengine. Mwaka 2000 Don Nutbeam aliugawa umilisi huo katika ngazi tatu: kusoma na kuelewa maelekezo, kushiriki mazungumzo kuhusu afya, na kuhakiki habari kwa jicho la kudadisi. Mwaka 2006 Cameron Norman na Harvey Skinner wa Kanada waliuhusisha na intaneti, wakatunga kipimo cha eHEALS chenye maswali 8.

Kipimo hicho kimesambaa duniani kwa kuwa ni kifupi na rahisi kutumia. Kasoro yake ni kwamba anayejibu hujipima mwenyewe. Mwanafunzi anayejiamini hupata alama za juu hata kama hatofautishi tangazo la biashara na ushauri wa daktari. Ndiyo maana mwaka 2017 Rosalie van der Vaart na Constance Drossaert wa Uholanzi walitoa kipimo kingine kilichoongeza maswali ya vitendo pamoja na suala la kulinda siri za mtumiaji. Tofauti hii ina uzito Nairobi, kwa sababu vijana waliokulia mikononi mwa simu hudhaniwa kuwa wajuzi wa kila kilichomo ndani yake.

Historia

Habari za afya zisizo na uthibitisho hazikuletwa na intaneti. Mwaka 1990 dawa ya Kemron, iliyotokana na utafiti wa taasisi ya KEMRI jijini Nairobi, ilitangazwa kwa shangwe kuwa tumaini la wagonjwa wa UKIMWI. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha kwamba inafaa. Mwaka 2011 Wakenya wengi walivuka mpaka kwenda Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kilichosifiwa kuponya maradhi sugu. Katika visa vyote viwili sifa zilitangulia ushahidi. Intaneti imeongeza kasi ya mwendo huo.

Mtandao wa KENET unaounganisha vyuo vya Kenya ulianzishwa mwaka 1999. Kwa miaka kadhaa intaneti ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya polepole, na wanafunzi wengi waliifuata kwenye saiba za katikati ya jiji. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, bei ilishuka na kasi ikapanda. Simu za kisasa zilipoenea, saiba zikabaki hasa za kuchapisha karatasi na kujaza fomu.

Mtihani mkubwa ulikuja na UVIKO-19. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule na vyuo vifungwe. Wanafunzi walirudi makwao huku simu zikifurika habari za vitunguu saumu, tangawizi na mvuke wa kujifukiza. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuonya mwezi Februari kwamba mafuriko ya habari yanaenea sambamba na ugonjwa. Katika familia nyingi aliyeulizwa kipi ni kweli alikuwa mtoto aliyetoka chuoni, awe anasomea udaktari, uhasibu au sheria.

Mazingira ya wanafunzi

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama Royal Technical College mwaka 1956 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Kampasi zake ni pamoja na ile kuu ya katikati ya jiji, Chiromo, Parklands, Kabete na ile iliyo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Chuo Kikuu cha Daystar kina kampasi Valley Road, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kiko Haile Selassie Avenue, na Chuo Kikuu cha Aga Khan kiko Parklands.

Ndani ya kampasi kuna wai-fai, na kupitia maktaba mwanafunzi anaweza kusoma majarida ya kitaaluma yanayolipiwa na muungano wa maktaba wa KLISC. Jioni mambo hubadilika. Anayeishi kwenye bedsita ya Kangemi au Uthiru hutegemea bando la simu. Kampuni za simu huuza bando za bei nafuu za mitandao ya kijamii, na hapo huanza tatizo lisiloonekana kwa urahisi. Mwenye bando la WhatsApp pekee hupokea ujumbe wenye kiungo cha habari asichoweza kukifungua. Husoma kichwa cha habari na mistari michache, kisha huutuma mbele kwa makomredi wenzake. Ukweli wa ujumbe huo haukupimwa popote, na mara nyingi kilichokosekana ni data ya kufungulia ukurasa.

Mambo yanayotafutwa

Afya ya uzazi ndiyo mada ambayo wengi huona haya kuiuliza ana kwa ana, hivyo simu hugeuka mshauri wa usiku. Mfano ulio wazi ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinachojulikana kote Kenya kwa jina la P2. Kidonge hicho chenye levonorgestreli hutumiwa ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, na kadiri kinavyomezwa mapema ndivyo kinavyofaa zaidi. Hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai kutoka. Hakitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala hakikingi VVU.

Muda huohuo wa saa 72 ndio mwisho wa kuanza PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa katika hatari ya kuambukizwa, ambazo humezwa kwa siku 28. Usawa huo wa muda huwachanganya wengi. P2 hununuliwa kwenye kemisti, ilhali PEP huanzishwa na mhudumu wa afya baada ya kipimo. Mwanafunzi aliyemeza P2 akadhani amemaliza yote mawili hupoteza saa ambazo hazirudi. PrEP, inayotumiwa kabla ya mtu kukutana na hatari, ilizinduliwa kitaifa mwaka 2017 pamoja na vifaa vya mtu kujipima VVU mwenyewe.

Afya ya akili ni mada nyingine. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, jambo lililowafanya wenye dhiki kunyamaza. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ukimya wenyewe bado haujaisha, na wengi huanzia kwenye video fupi za TikTok kabla ya kumfikia mshauri nasaha.

Mada ya tatu ni maradhi ya wazazi. Mama huko Kakamega au Machakos hupiga picha ya karatasi ya maabara na kumtumia mwanawe aliye chuoni amfafanulie. Kwa hiyo kosa la mwanafunzi katika kusoma karatasi hiyo linaweza kumdhuru mtu wa pili.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni chimbuko la habari. Kurasa nyingi zinazotokea juu katika utafutaji zimeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Marekani au Uingereza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na malaria haienei sana humo, lakini maelfu ya wanafunzi hurudi kutoka likizo Kisumu, Busia au Kilifi. Mmoja akipata homa, kuumwa kichwa na maumivu ya viungo, ukurasa ulioandikwa kwa mkazi wa London utamwelekeza kwenye mafua. Asipotaja alikotoka, anaweza kukaa chumbani siku kadhaa akinywa maji ya ndimu huku malaria ikikomaa.

Kikwazo cha pili ni vipimo. Maabara za Kenya kwa kawaida huandika sukari ya damu kwa milimoli kwa lita, ilhali tovuti za Marekani hutumia miligramu kwa desilita. Kabla ya kula, kikomo cha kutambulia kisukari ni 7.0 kwa kipimo cha kwanza na 126 kwa cha pili. Mzee akipimwa akapata 9.4, na mwanawe akasoma kwamba hatari huanzia 126, ataona baba yake ni mzima kabisa. Akizidisha 9.4 kwa 18 atapata karibu 169, na hapo ndipo atakapojua kwamba mzee anahitaji daktari bila kukawia.

Kikwazo cha tatu ni lugha. Habari nyingi zilizohakikiwa ziko kwa Kiingereza, nazo za Kiswahili ni chache na mara nyingi hazigusi mambo ya vijana. Mwanafunzi husoma kwa Kiingereza, hujadiliana na wenzake kwa Sheng, kisha humweleza mzazi kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Katika kila hatua maana inaweza kupotea.

Kikwazo cha nne ni biashara. Wauzaji wa dawa za kupunguza uzito, kung'arisha ngozi na kuongeza nguvu hutumia ushuhuda wa watu na picha za kabla na baada, mambo yanayovuta macho kuliko maelezo ya mtaalamu.

Sheria na taasisi

Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, haki ya kupata habari katika kifungu cha 35 na haki ya afya katika kifungu cha 43. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitungwa mwaka 2023. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, na usajili wake hufanywa mtandaoni au kwa simu. Hivyo umilisi huu umekuwa sehemu ya kupata matibabu yenyewe.

Anayetaka kuhakikisha jambo ana mahali pa kuanzia. Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha ya madaktari waliosajiliwa, na Bodi ya Dawa na Sumu husimamia dawa na maduka yake. PesaCheck na Africa Check huchunguza madai yanayoenea mtandaoni. Simu ya bure 1190 ya One2One hujibu maswali ya vijana kuhusu VVU na afya ya uzazi, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hutoa ushauri nasaha.

Tathmini

Mtaala wa umilisi wa shule za Kenya ulioanza mwaka 2017 unahesabu umilisi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, na wanafunzi wake wa kwanza wanatarajiwa kufika vyuoni mwaka 2029. Walio vyuoni sasa walipitia mfumo wa 8-4-4, hivyo vyuo vyenyewe ndivyo vinavyopaswa kuziba pengo.

Njia ipo tayari. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishaliweka somo la VVU na UKIMWI miongoni mwa masomo ya pamoja ya shahada ya kwanza, kwa kutambua kwamba jambo hilo linamhusu mhandisi sawa na daktari. Habari za afya mtandaoni zinastahili hadhi hiyohiyo. Somo la namna hiyo lingemfundisha mwanafunzi kuuliza nani ameandika, lini, kwa ajili ya wagonjwa wa nchi gani, kwa kipimo gani, na nani anafaidika akiamini. Maktaba zina vyanzo, kliniki za vyuo zina wahudumu, na wanafunzi wa tiba wanaweza kuandika majibu kwa Kiswahili chepesi.

Kipimo cha mwisho cha umilisi huu ni hatua inayofuata baada ya kusoma. Utafutaji mzuri humfikisha mtu kwa mhudumu mapema, akiwa na maswali sahihi. Dalili zinapozidi, saa 72 zinapohesabika au moyo unapolemewa, funga ukurasa uende kliniki.