Kikomo cha viini katika vifurushi vya R

Kikomo cha viini ni idadi ya juu kabisa ya viini vya prosesa ambavyo kifurushi cha programu hutumia kwa wakati mmoja, ikiwa mtumiaji hakutaja idadi nyingine. Katika lugha ya R, inayotegemewa na wanatakwimu duniani kote, kanuni za ghala la CRAN zimeweka kikomo hicho kuwa viini viwili.

CRAN ilianzishwa Vienna mwaka 1997 na Kurt Hornik na Friedrich Leisch. Leo ina vifurushi zaidi ya 20,000, na kila kimoja hukaguliwa kabla ya kupokelewa, kisha hukaguliwa tena na tena baadaye. Kompyuta za ukaguzi hufanya kazi nyingi kwa pamoja, hivyo kifurushi kimoja kikijitwalia viini vyote, vingine hukwama. Hiyo ndiyo sababu inayotajwa na kanuni zenyewe. Wakati wa ukaguzi, kifurushi cha parallel, kilichoingizwa ndani ya R toleo la 2.14.0 mwaka 2011, kinaweza kuzuiwa kisizalishe michakato zaidi ya miwili. Mifano inayotumia muda wa prosesa kupita mara 2.5 ya muda wa saa nayo hutiwa alama.

Hata hivyo, faida kubwa ya kikomo iko nje ya ukaguzi wa CRAN. Mwandishi wa kifurushi hajui kitaendeshwa wapi. Wengi huita detectCores(), amri ya kifurushi cha parallel, na kuchukua jibu lote, ingawa maelezo ya amri hiyo yanaonya kwamba haifai kutumiwa moja kwa moja namna hiyo. Amri hiyo huhesabu viini vya mashine, haihesabu haki ya mtumiaji. Mtafiti aliyepewa viini 4 na Slurm, programu inayogawa kazi na viini kwa watumiaji wa seva, kwenye seva ya viini 64 atajibiwa 64. Michakato 64 itagombania viini 4, kazi itachelewa, na kumbukumbu inaweza kujaa, kwa kuwa kila mchakato unaoanzishwa upya hubeba nakala yake ya data. Hali huwa mbaya zaidi usambamba unapokaa ndani ya usambamba: michakato 8, kila mmoja ukiita maktaba ya hesabu yenye nyuzi (threads) 8, huzaa nyuzi 64 bila mtu yeyote kuziagiza.

Si wote waliochagua namba 2 kama chaguo-msingi. Amri mclapply() ya kifurushi cha parallel huanzia hapo, lakini kifurushi cha data.table, tangu toleo la 1.12.2 la mwaka 2019, huchukua nusu ya viini vinavyoonekana, huku kikiheshimu kikomo kilichowekwa katika kigezo cha mazingira cha OMP_THREAD_LIMIT. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja nusu ni kiasi cha haki. Kwenye seva ya chuo yenye watumiaji wengi, nusu bado ni kubwa mno. Njia bora zaidi ni availableCores() ya kifurushi cha parallelly, kazi ya Henrik Bengtsson, ambayo husoma mgao wa Slurm na mipaka ya kontena kabla ya kujibu.

Kwa hiyo anayeandika kifurushi aanze na kiini kimoja au viwili kama chaguo-msingi, aweke hoja iliyo wazi ya kuongeza idadi, na aieleze katika ukurasa wa msaada. Uamuzi wa kuongeza ni wa mwenye mashine.