Damu Yetu, Mikataba Yao: Utafiti wa Chanjo ya UKIMWI kutoka Kinshasa hadi Goma

1. Utangulizi

Tarehe 23 Aprili 1984, Waziri wa Afya wa Marekani, Margaret Heckler, aliwatangazia waandishi wa habari mjini Washington kwamba kirusi kinachosababisha UKIMWI kimekwisha kupatikana, na kwamba chanjo ingekuwa tayari kufanyiwa majaribio katika muda wa miaka ipatayo miwili. Zaidi ya miaka 40 imepita, na chanjo hiyo haijapatikana. Sababu za kibiolojia za kuchelewa huko tunawaachia wenye fani yao. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo jingine: ni nani aliyegharimia utafiti huo, ni nani aliyetoa mwili wake, na ni nani aliyeamua chanjo imfikie nani. Tutaonesha kwamba swali hili la tatu hujibiwa mapema, katika karatasi za mkataba, kabla dawa haijaingia katika sindano.

2. Kuhusu neno lenyewe

Nomino chanjo imetokana na kitenzi kuchanja, yaani kutia mikato midogo mwilini, kama waganga walivyofanya ili dawa ipenye. Katika mazungumzo ya kila siku kitenzi hiki hupenda kauli ya kutendwa: mtu amechanjwa. Aliyemchanja hatajwi, wala aliyelipa. Historia tunayoisimulia hapa inahitaji watendaji hao watajwe.

Aidha, tutofautishe chanjo na chanjo ya majaribio. Ya kwanza ni kinga iliyothibitishwa. Ya pili ni swali ambalo jibu lake hutafutwa katika mwili wa mtu aliyeridhia. Kuyachanganya maneno haya mawili si kosa la msamiati tu, kwa maana anayedhani amekingwa huweza kujiweka hatarini.

3. Kinshasa, 1983–1991

Sampuli mbili kongwe za kirusi hiki zinazojulikana, ya mwaka 1959 na ya mwaka 1960, zilitoka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka 2014 wataalamu waliolinganisha jeni za kirusi walihitimisha kwamba mlipuko wa dunia nzima ulianzia katika mji huo, yapata mwaka 1920. Ndiyo maana aina za kirusi zinazopatikana Kongo ni nyingi kupita za mahali pengi duniani.

Mnamo Oktoba 1983, Peter Piot, Joseph McCormick, Thomas Quinn na wenzao walifika Hospitali ya Mama Yemo, ambako Daktari Kapita Bila alikuwa amekwisha kuugundua ugonjwa huu miongoni mwa wagonjwa wake. Mwaka uliofuata kukaanzishwa Projet SIDA, kwa ushirikiano wa Zaire, Marekani na Ubelgiji, chini ya uongozi wa Jonathan Mann. Mradi huo ulisaidia kuthibitisha kwamba UKIMWI huambukizwa kwa njia ya ngono baina ya wanaume na wanawake, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto.

Katika mji huohuo, Mfaransa Daniel Zagury alijichanja mwenyewe chanjo ya majaribio, kisha akakichanja kikundi kidogo cha Wazaire. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1987. Hayo yalikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya chanjo ya UKIMWI kwa wanadamu, na baadaye yalizusha maswali mazito kuhusu ridhaa na usimamizi. Mnamo Septemba 1991 askari walipora mji, wageni wakaondoka, Projet SIDA ikafungwa. Maarifa yalibaki katika majarida ya ng'ambo. Wagonjwa walibaki Kinshasa.

4. Nairobi na swali la hataza

Chanjo nyingi za mwanzo zilitengenezwa kwa kufuata aina B ya kirusi, iliyoenea Marekani na Ulaya Magharibi, ilhali Afrika Mashariki inasumbuliwa zaidi na aina A na D. Soko ndilo lililochagua. Shirika la IAVI, lililoanzishwa mwaka 1996, lilijaribu kurekebisha hali hiyo kwa kugharimia chanjo ya aina A, iliyobuniwa na watafiti wa Oxford na Chuo Kikuu cha Nairobi. Mikataba yake ilikuwa na sharti jipya: chanjo ikifaulu, nchi maskini ziuziwe kwa bei zinayoimudu.

Hata hivyo, mwaka 2000 Wakenya waligundua kwamba maombi ya hataza yamewasilishwa bila majina yao. Baada ya mabishano, pande hizo zilikubaliana upya juu ya kugawana haki. Majaribio yalianza Nairobi mwaka 2001. Kufikia mwaka 2004 ilikuwa wazi kwamba chanjo haiamshi kinga ya kutosha. Chanjo ilishindwa, lakini fundisho la mkataba lilibaki.

5. Goma, 2019

Msomaji wa Goma asidhani kwamba habari hizi ziko mbali. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018–2020, uliowaua watu 2,287, chanjo iliyotumika zaidi ilikuwa ya kampuni ya Merck. Mwaka 2016, shirika la Gavi lilikuwa limelipa dola milioni 5 kabla ya chanjo kuidhinishwa, kwa sharti kwamba dozi 300,000 ziwe tayari kwa dharura. Ahadi ile ndiyo iliyofanya dozi zipatikane Kivu ya Kaskazini.

Kisha, tarehe 14 Novemba 2019, chanjo ya pili, ya Johnson & Johnson, ilianza kutolewa Goma, na watu zaidi ya 20,000 waliipokea. Waziri wa Afya Oly Ilunga, aliyeipinga, alikuwa amejiuzulu mwezi Julai. Wengi waliuliza kama Wakongomani wamegeuzwa panya wa maabara. Wachache walijua kwamba kirusi kibebaji cha dozi yake ya kwanza, Ad26, ndicho kilichobeba pia chanjo ya UKIMWI iliyokuwa ikijaribiwa kwa wanawake 2,600 kusini mwa Afrika. Chanjo ya Ebola iliidhinishwa Ulaya Julai 2020. Jaribio la UKIMWI lilisimamishwa Agosti 2021, na jingine la jamii hiyo Januari 2023.

6. Fedha zinapokauka

Sehemu kubwa kabisa ya gharama za utafiti huu imebebwa na serikali ya Marekani. Mwaka 2023 iliahidi dola milioni 45 kwa mradi wa BRILLIANT, ulioongozwa na wanasayansi wa Afrika wenyewe. Januari 2025, mwezi uleule ambao Goma iliingia mikononi mwa M23, misaada ya Marekani ilisimamishwa, na mradi huo ukakwama kabla ya kumchanja mtu wa kwanza. Anayetegemea mfuko mmoja husimama mfuko huo unapofungwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Kongo imetoa sampuli, wagonjwa na watu wa kujitolea tangu mwanzo wa historia hii. Tumeona pia kwamba haki ya kupata chanjo hupatikana pale tu inapoandikwa mapema, kama katika mkataba wa Gavi, na hupotea pale majina yanapoachwa nje, kama katika hataza ya mwaka 2000. Basi serikali zetu hazina budi kutenga fedha zao wenyewe, hata zikiwa kidogo, ili ziketi mezani kama wabia. Nasi wanaisimu tuna wajibu wetu: fomu za ridhaa na vifungu vya mikataba viandikwe kwa Kiswahili anachokielewa mchuuzi wa Majengo. Mtu akijua alichotia saini, ataweza kukidai.