Risasi ipi inabeba urithi wa Marekani?

MIONGONI mwa wawindaji na walenga shabaha wa Marekani upo mjadala usiokwisha: ni aina gani ya risasi inayostahili kuitwa kielelezo cha urithi wa taifa hilo?

Kongwe kati ya zinazotajwa sana ni .45-70, iliyopokewa na jeshi mwaka 1873. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani takriban inchi 0.45, ya pili ni uzito wa baruti nyeusi, greni 70, ambazo ni kama gramu 4.5. Hata hivyo, risasi hiyo ilitumika pia katika vita dhidi ya wenyeji asilia wa nchi hiyo. Kinachoitwa urithi na baadhi ya watu, kwa wengine ni kumbukumbu ya msiba.

Mwaka 1895 kampuni ya Winchester ilitoa .30-30, risasi ya kwanza ya uwindaji nchini humo iliyobuniwa kwa baruti isiyotoa moshi. Pamoja na bunduki nyepesi ya Model 1894, ikawa silaha ya mkulima na mfanyakazi wa kawaida anayewinda kulungu.

Wapo pia wanaoitetea .45 ACP ya mbunifu John Browning, iliyotumiwa na bastola rasmi ya jeshi kuanzia 1911 hadi 1985. Wengine huchagua .22 Long Rifle ya mwaka 1887, ndogo na ya bei nafuu, ambayo Wamarekani wengi hujifunzia kulenga shabaha.

Pamoja na hayo, hoja nzito zaidi iko upande wa .30-06, ambayo tarakimu zake za mwisho zinataja mwaka 1906 ilipopokewa na jeshi. Ilitumika katika Vita Kuu zote mbili za Dunia na vita vya Korea, kabla ya kuanza kuipisha risasi ya NATO ya milimita 7.62 mwaka 1954. Mwandishi Ernest Hemingway alipokuja kuwinda Tanganyika mwaka 1933, alikuwa na bunduki ya Springfield ya aina hiyo.

Askari aliyeizoea vitani aliikuta tena mawindoni, na hadi leo ingali ikiuzwa madukani. Historia ya jeshi na ya raia inakutana ndani ya ganda moja la shaba, na hiyo ndiyo nguvu ya madai yake.