KUTOKA PATENTE HADI LESENI: HISTORIA FUPI YA RUHUSA YA KUUZA CHAKULA



Katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi, 20 Juni, wengi wetu tutakula maandazi na maharagwe ya soko letu hapa Uganda. Ni vema tukumbuke kwamba ruhusa ya kuuza chakula hicho ina historia.

Sisi tuliotoka Kongo tuliyaona mambo haya nyumbani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara nyingi za wageni zitapewa raia. Wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa chama na serikali, hawakujua biashara. Waliuza mali waliyoikuta, hawakununua nyingine, na bidhaa zikaadimika. Kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa imeanza kuwarudishia wenyewe. Kisha tarehe 2 Agosti 1979 ikatoka sheria ya biashara ndogo: mchuuzi lazima awe raia na awe na patente.

Uganda nayo iliyapitia hayo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao yakagawiwa. Mengi hayakudumu. Fundisho ni moja: kupewa duka si kupewa ujuzi.

Kwa mkimbizi, sheria ya Uganda ya mwaka 1960 ilikuwa ya kumdhibiti zaidi kuliko kumpa haki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ndiyo iliyotamka kwamba mkimbizi anayetambuliwa anaweza kufanya kazi na biashara, mradi afuate sheria za nchi. Hapo ndipo leseni ya biashara, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1969, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 1935 zinapotuhusu.

Baadhi yetu huona ukaguzi kuwa uonevu, hasa mama anapofungiwa kibanda ambacho watoto wanakitegemea kwa karo. Uchungu huo tunaujua. Lakini tukumbuke Goma, Julai 1994. Kipindupindu na kuhara viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda katika majuma machache, kwa maji machafu na ukosefu wa vyoo. Afisa wa afya anapouliza maji yametoka wapi, choo kiko wapi, wapishi wamepimwa na wananawa wapi, anauliza maswali ya Goma.

Kwa upande mwingine, tunawaomba wafanyakazi wa mashirika na wa serikali watueleze masharti kwa lugha tunayoielewa, kabla ya siku ya ukaguzi. Mtu hawezi kutimiza asichoambiwa.

Neno la mwisho ni kwa wanaorithi vibanda vya ndugu wanaohamishiwa nchi za mbali. Ukinunua sufuria, viti na meza, leseni bado ina jina la aliyeondoka, na vyeti vya afya ni vya wapishi wake. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa wa afya, kisha kwa ofisi ya leseni, uandikwe jina lako. Andikianeni pia hati ya mauziano mbele ya mashahidi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuwatakie wapishi wetu wote heri na baraka.